Jiko la peleti linapogoma: kusoma moshi, moto na feni kabla ya kushika bisibisi

Mtu aliyezoea jiko la mkaa huliendea jiko la peleti (vipande vidogo vya unga wa mbao au mabaki ya mazao vilivyoshindiliwa) kwa mkono ule ule: huweka kiwashio chini, hupepea, huchochea, na moto ukianza kufifia huongeza nishati juu ya iliyopo. Katika jiko la peleti linalotumia feni, kila kimoja cha vitendo hivyo huleta hitilafu, kwa sababu jiko hilo halichomi peleti moja kwa moja. Peleti hupata joto, hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayowaka juu ya chemba, yaani sehemu ya ndani zinamowekwa peleti. Feni iliyo chini hugawa hewa njia mbili: sehemu ndogo hupita katika matundu ya sakafu ya chemba na kupanda kati ya peleti, na sehemu kubwa, yaani hewa ya pili, huzunguka nyuma ya ukuta wa chemba na kutokea katika mstari wa matundu ya juu, mahali inapokutana na gesi na kuiwasha. Moto huanza juu na kushuka taratibu kuelekea chini, ukiacha makaa mahali ulipopita. Ukishaielewa njia hiyo ya hewa, utaona kwamba dalili nyingi zilizoelezwa hapa zinatokana na hewa iliyozibwa, iliyozidi au iliyopotea njia, na kwamba brashi huhitajika mara nyingi kuliko bisibisi.

Kwa mkazi wa Dodoma kuna mambo mawili ya mahali ambayo kitabu kinachokuja na jiko hakiyataji. La kwanza ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua karibu haipo, upepo wa mashariki huvuma kwa nguvu, na vumbi jekundu huingia kila penye uwazi, ukiwemo mdomo wa feni. La pili ni mwinuko: mji uko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha asilimia 12 hivi, kwa hiyo feni ile ile kwa kasi ile ile hupeleka oksijeni pungufu. Tofauti hiyo peke yake haizimi jiko, lakini ikiungana na feni yenye vumbi na betri iliyochoka, jiko lililokuwa likiwaka vizuri Pwani huanza kulalamikiwa mara tu familia inapohamia mitaa ya Dodoma kama Kisasa au Nkuhungu.

Moshi mweupe usiokwisha wakati wa kuwasha

Moshi mweupe mzito ni gesi ya peleti inayotoka bila kuwaka, ikiwa imechanganyika na mvuke wa maji. Moshi kidogo katika dakika mbili au tatu za kwanza ni wa kawaida. Ukizidi hapo, anza kwa kuangalia mahali moto ulipowashwa. Kiwashio lazima kiwe juu ya peleti, kimetandazwa kufunika uso wote, si chini yake wala katika kona moja. Vijiti vyembamba vikavu au maranda vinafaa. Mafuta ya taa yakilazimika yawe matone machache yaliyomwagiwa vijitini kabla ya kiberiti kuwashwa, na petroli isikaribie jiko kwa hali yoyote.

Ikiwa umewasha kwa juu na moshi bado upo, angalia kimo cha peleti. Zikifika au kupita mstari wa matundu ya juu, hewa ya pili hukosa nafasi ya kuchanganyika na gesi, na moto hauwezi kusimama. Acha nafasi ya upana wa vidole viwili chini ya matundu hayo. Hapa ndipo wapishi wengi wa maharage hukwama, kwa kuwa hujaza chemba pomoni wakidhani wanajiwekea akiba ya muda.

Sababu inayofuata ni feni kuwekwa kasi kubwa mapema mno. Moto mchanga hauna joto la kutosha kuhimili hewa nyingi ya baridi, hivyo hupulizwa na kuzimika huku peleti zikiendelea kufuka. Washa feni kwa kiwango cha chini kabisa, subiri mpaka moto ufunike uso wote wa peleti, kisha ongeza hatua moja moja.

Hayo yote yakiwa sawa, lawama ihamie kwenye peleti zenyewe. Peleti nzuri huwa na unyevu chini ya asilimia 10, ina uso unaong'aa kidogo, na ukiivunja kwa vidole hukatika kwa mlio mkavu. Iliyonyonya unyevu huvimba, hupoteza mng'ao, hujaa nyufa za kukingama na kusagika kama biskuti iliyolowa. Watu wa Dodoma husahau jambo hili kwa sababu kwa miezi saba gunia likiwa limesimama sakafuni halipati madhara yoyote. Kisha inakuja Desemba, mvua za kwanza zinanyesha, sakafu ya saruji inaanza kutoa unyevu, na gunia lile lile linageuka chanzo cha moshi. Peleti zihamishiwe katika ndoo au pipa la plastiki lenye mfuniko unaobana, lililoinuliwa juu ya mbao au matofali. Zilizopata unyevu kidogo bila kuvimba zinaweza kuanikwa juani juu ya turubai kwa siku moja. Zilizovimba hazirudi katika hali yake, na kuzichanganya na nzuri ni kuziharibu nzuri.

Moshi unaozuka ghafla katikati ya mapishi

Dalili hii ni tofauti na iliyotangulia. Jiko lilikuwa linawaka vizuri, kisha ndimi za moto zikatoweka na moshi mzito ukaanza kupanda kandokando ya sufuria. Maana yake ni kwamba moto wa juu umezimika lakini peleti bado zinatoa gesi. Mara nyingi upepo wa mlangoni ndio umeuzima, au mtu amemwaga peleti mbichi juu ya zinazowaka. Peleti mpya hufunika moto, huvuta joto lake, na huanza kutoa gesi kabla moto haujapata nafasi ya kurudi juu. Kiasi cha peleti hupimwa mwanzoni, kwa kufuata chakula kinachopikwa. Kama chakula hakijaiva, chemba imalizwe, imwagwe, ijazwe na kuwashwa upya, isipokuwa kwa majiko yaliyoundwa mahususi kuongezwa nishati kupitia mlango wa pembeni.

Ili kuurudisha moto, ondoa sufuria, punguza feni, rudisha uso na mikono nyuma, kisha sogeza njiti iliyowashwa pembeni mwa mdomo wa chemba. Moshi wenyewe utashika moto kwa mlipuko mdogo, na mlipuko huo ndio unaounguza nyusi za watu wanaoinama kuchungulia. Kama kinachosumbua ni upepo, kinga ya bati upande wa mashariki wa jiko hutatua tatizo, mradi isizibe mdomo wa feni.

Zipo pia nyakati ambapo msukosuko unatoka kwa mpishi. Kusonga ugali wa uwele au mtama kunahitaji nguvu, na kila mwiko unapokandamiza, jiko hutikisika na peleti hujipanga upya, nyingine zikishuka na kubana njia ya hewa. Jiko lisimamishwe mahali tambarare na sufuria ikamatwe kwa vishikio vyake. Ikiwa jiko ni jembamba na refu, ni salama zaidi kuishusha sufuria sakafuni juu ya kata na kusongea hapo kuliko kupambana nalo likiwa linawaka.

Moto mrefu wa manjano na sufuria inayojaa masizi

Jiko lenye afya hutoa ndimi fupi zinazochomoza kutoka katika kila tundu la juu na kukutana katikati. Ndimi zikiwa ndefu, za rangi ya chungwa, zikilamba pande za sufuria na kuacha masizi meusi, gesi ni nyingi kuliko hewa ya pili. Subiri jiko lipoe kabisa, kisha elekeza tochi ndani na kuangalia matundu ya juu moja baada ya jingine. Utakuta mengine yamepungua kipenyo kwa utando mweusi unaonata, ambao ni lami ya moshi iliyogandia pamoja na masizi. Sindano ya kushonea magunia hufanya kazi hii vizuri kuliko msumari, kwa sababu msumari hutanua tundu, na tundu lililotanuka hunyang'anya mengine hewa. Zibua yote, yakiwemo yanayoonekana safi, kisha sugua ukuta wa chemba kwa brashi ya waya na uligeuze jiko ili uchafu uanguke nje badala ya kushukia matundu ya chini.

Kama matundu ni safi na moto bado ni mrefu, angalia mguso kati ya chemba na ganda la nje. Chemba isipokaa sawasawa katika nafasi yake, au kizibo cha pembezoni kikiwa kimepasuka, hewa ya pili huvujia pembeni kabla ya kufika juu. Jambo hili hutokea sana baada ya mtu kuitoa chemba kwa ajili ya usafi na kuirudisha kwa haraka.

Moto dhaifu ingawa feni inasikika

Chota peleti kutoka sehemu ya chini ya gunia na utazame kinachobaki kiganjani. Peleti husagika zinapobebwa, na gunia lililosafiri kutoka Mufindi juu ya lori hufika likiwa na unga mwingi chini kuliko juu. Unga huo hujaza nafasi kati ya peleti, na hewa ya chini haipiti. Ndiyo maana jiko huwaka vizuri kwa wiki kadhaa halafu linaanza kusinzia gunia linapokaribia kuisha, na mwenye jiko huanza kuilaumu feni. Pitisha peleti katika chekeche lenye matundu ya milimita 3 hivi. Unga utakaobaki usitupwe, kwani unafaa kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi au uji wa muhogo na kutengenezea mkaa mbadala.

Baada ya hapo angalia sakafu ya chemba. Jivu la mbao laini ni dogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya uzito wa peleti, hivyo mtumiaji huzoea kuona kijiko kimoja tu na kuacha kumwaga kila siku. Akibadili na kununua peleti za pumba za mpunga, ambazo malighafi yake inapatikana kwa wingi Bahi, mambo hubadilika kabisa, kwani pumba huacha jivu linalokaribia hata moja ya tano ya uzito wake. Chemba ya jiko hilo lazima imwagwe kila baada ya kuwasha, na matundu ya chini yapigwe brashi kabla ya kujaza tena.

Mabonge magumu kama kioo chini ya chemba

Peleti za maganda ya alizeti au karanga huwaka kwa joto zuri, na kwa kuwa Dodoma na Singida ni mikoa ya alizeti, ni jambo la busara kuzitumia. Tatizo lake liko katika jivu. Maganda ya alizeti yana potasiamu nyingi, na potasiamu hushusha kiwango cha joto ambacho jivu huanza kuyeyuka. Malighafi iliyofagiliwa sakafuni ikiwa na mchanga huongeza tatizo hilo. Jivu lililoyeyuka likipoa hugeuka mabonge ya kijivu au ya kijani kibichi yaliyokwamia matundu ya sakafu.

Dawa yake ni kujua wakati wa kuzima. Angalia moto unapoelekea mwisho: ndimi za manjano hupungua, kisha kwa ghafla hubaki miali mifupi ya buluu inayocheza juu ya makaa. Wakati huo gesi ya peleti imekwisha na kinachowaka ni makaa yenyewe. Feni ikiachwa kasi ya juu kuanzia hapo, sakafu ya chemba huwa kama tanuri la mhunzi, jivu huyeyuka na bati huchoka. Punguza feni hadi chini au uzime, uyamwage makaa kwa koleo katika debe la bati lenye mfuniko, ulifunike. Makaa hayo ni mazuri kwa jiko la kawaida la mkaa. Yasimwagwe kwenye ndoo ya plastiki wala karibu na akiba ya peleti, kwa kuwa makaa yanayoonekana yamekufa yanaweza kufufuka baada ya saa nyingi.

Bonge lililokwishashika ling'olewe kwa ncha ya bisibisi butu, jiko likiwa baridi. Kumwagia maji chemba ya moto ili bonge lipasuke ni kosa ambalo hupinda bati na kufungua mishono, na chemba iliyopinda haikai tena sawasawa.

Feni haizunguki, inakwaruza, au inapunguza kasi yenyewe

Fanya kwanza jaribio dogo. Jiko likiwa baridi na tupu, washa feni kwa kasi ya juu na ushike kipande cha karatasi ya chooni juu ya mdomo wa chemba. Karatasi inapaswa kuinuka na kupepea. Ikivutwa chini, feni imefungwa kinyume, na hilo hutokea baada ya matengenezo. Ikitulia tu huku feni ikisikika, njia ya hewa imeziba mahali fulani kati ya feni na chemba.

Feni ikiwa kimya kabisa, anza na waya kwenye swichi na kwenye vituo vya betri, kwani kutu nyeupe au waya uliolegea ni kawaida kuliko mota iliyoungua. Angalia pia kama waya mwekundu uko upande wa chanya, maana feni nyingi za aina ya zile za kompyuta hazizunguki zikiunganishwa kinyume. Kisha pima betri kwa mita. Betri ya risasi ya volti 12 iliyochajiwa na kupumzika kwa saa chache husoma karibu volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12 au chini ya hapo, imekaribia kuisha. Majiko mengine hutumia betri za lithiamu zenye volti tofauti, hivyo lebo isomwe kabla ya kuhukumu. Kipimo cha maana zaidi ni kile cha betri ikiwa kazini: kama mita inashuka sana mara tu feni inapowashwa, betri imezeeka hata kama ilionekana nzima ilipopumzika.

Kabla ya kununua betri mpya, futa paneli ya sola inayoichaji. Vumbi la Agosti hutanda juu ya kioo kidogo kidogo hata jicho likalizoea. Paneli ilazwe kwa mteremko kidogo ili mvua iweze kuisuuza, na kwa kuwa kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huelemea kaskazini mwa Dodoma, mteremko huo uelekee kaskazini.

Feni inayokwaruza au kuzunguka kwa uzito imejaa vumbi. Chomoa betri, fungua kifuniko cha chini, fagia mapanga kwa brashi laini ya rangi, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli huku ukizuia mapanga kwa kidole ili yasizunguke kupita kiasi. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli linatosha kwa feni zenye mahali pa kutilia mafuta. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwani huganda na kunasa vumbi zaidi. Katika miezi ya kiangazi kazi hii ifanywe kila mwezi, na nyumba inayopakana na barabara ya vumbi haitakosea ikiifanya kila wiki mbili. Kuna wanaofunga kitambaa mdomoni mwa feni kama kichujio. Mimi sishauri, kwa sababu kitambaa huziba kabla mtu hajakumbuka kukifua, na jiko hurudi kwenye moto dhaifu.

Moto mzuri, lakini maharage hayaivi

Jiko halina kosa. Kwa mwinuko wa Dodoma maji huchemka katika nyuzi 96 hivi za Selsiasi, na kuongeza moto hakutayafanya yawe ya moto zaidi ya hapo. Loweka maharage usiku kucha na ufunike sufuria.

Mpishi anaumwa kichwa

Kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu kwa mtu aliye karibu na jiko kichukuliwe kama hatari kabla ya kuchukuliwa kama uchovu. Makaa yanayobaki baada ya miali ya buluu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kutokuwepo kwa moshi si ushahidi wa usalama. Mtu atolewe nje mara moja, milango na madirisha yafunguliwe, na akiendelea kujisikia vibaya au kupoteza fahamu apelekwe hospitali bila kusubiri. Katika usiku wa Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapowafanya watu watamani joto, jiko la peleti lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kuota moto, hata likiwa limebaki na makaa tu, na debe la makaa libaki nje ya nyumba mpaka lipoe kabisa.

Jiko lililokaa muda mrefu bila kuwashwa

Familia ikirudi kutoka likizo na kukuta jiko linatoa moshi ilhali liliachwa zima, tazama kwanza ndani ya mdomo wa hewa. Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda mashimo ya kipenyo hicho, na kiota kimoja kilichokauka huweza kuziba nusu ya njia ya feni. Buibui nao hufuma utando kati ya mapanga. Kiota kivunjwe kwa kijiti na kutolewa kwa nje, kisisukumwe ndani. Chemba ikaguliwe kama ina kutu, hasa pale ambapo mchuzi au maji ya maharage yaliyotiwa magadi yalimwagikia na kuachwa. Kutu ya juujuu husuguliwa kwa brashi ya waya, lakini ikiwa imetoboa ukuta chini ya mstari wa matundu ya juu, hewa itaingia mahali isipotakiwa na chemba inapaswa kubadilishwa. Betri ichajiwe mpaka ijae kabla ya jaribio la kwanza, peleti za zamani zipimwe kwa kuvunjwa, na jiko liwashwe nje kwa chemba iliyojazwa nusu tu.